Papa, Nimekamua Kitovu

Saio, Bunia, siku ya posho, jumamosi, asubuhi

Papa,

Nimeuza Malaika. Ninaanza na hiyo ili ukasirike mara moja, umalize, halafu unisikilize.

Ndiyo, Malaika mwenyewe, ile ng'ombe yako nyekundu ya pembe fupi. Nilimutoa mu zizi kwa mikono yangu, nikamupeleka ku soko ya ng'ombe, na sikulia. Nililia nyumbani. Ndugu yako, baba mudogo Rafaeli, anazunguka sasa mutaa muzima akisema kama binti ya marehemu ameuza ng'ombe ya baba yake kwa kununua baridi. "Ameuza ng'ombe kwa kununua baridi!" Anasema vile kwa kila mutu anayemupa kiti. Na anasema kweli. Nimenunua baridi, Papa. Kama ungalikuwa hapa ungalinizuia, ninajua, juu tulishagombana mbele ya weye kufa, na uliondoka katikati ya ugomvi, mimi ningali na maneno mu mudomo. Hiyo si adabu. Basi leo utasikia yote, na leo hauna namna ya kuinuka na kusema unaenda kuangalia ng'ombe.

Unakumbuka ile asubuhi. Ulikuwa ku baraza unamimina azoti, ile maji ya baridi kali, mu bombone yako, ile mutungi ya kuwekea mbegu ya ng'ombe, ile moshi nyeupe inashuka ku sementi, na mujukuu yako Asifiwe anarukaruka ndani yake kwa miguu wazi akicheka. Weye unamufukuza: "Toka hapo! Hii si moshi ya maharage, itakula vidole!" Mimi nilikuwa nimetoka hopitali. Tumbo ilikuwa bado haijaonekana. Nikakuambia maneno ya dokta. Nikakuambia kama huyu mutoto wa pili akizaliwa, ile damu inayobaki mu kitovu na mu kondo, ile tunazikaka na hatuifikirii tena, iko na mbegu ndani. Mbegu ya damu. Watu wanaweza kuikamata, kuiweka mu baridi kali miaka na miaka, na siku moja kuipanda mu mwili ya Asifiwe, itengeneze damu ingine. Damu nzima, ile haijikunji kama mundu na kuziba mishipa. Asifiwe angepona ugonjwa yake ya damu, ile dokta anaiita SS. Kupona kabisa, si kutulizwa.

Ulifunga kifuniko. Ukapangusa mikono ku suruali. Ukasema: "Ng'ombe ni ng'ombe, binti yangu. Mutu ni ya Mungu. Dieudo alienda, tukakubali. Weye ni nani hata ukatae?"

Nikanyamaza. Juu ulitaja Dieudo, na mu nyumba yetu mutu akitaja Dieudo wengine wote wananyamaza. Ilikuwa sheria yako, hata haukuitangaza, tuliifuata tu.

Leo ninaivunja. Dieudo. Dieudo, kaka yangu, Dieudo wa masikio makubwa, aliyejua kupiga mluzi na kuita ndama kwa jina. Wakati wa mvua mikono yake ilivimba na alilia mifupa, na weye ulimukanda na mafuta ya ng'ombe mpaka asubuhi. Hatukujua jina ya ugonjwa. Watu walisema ni mifupa, wengine walisema ni jirani amemuloga. Na ile siku alipotulia, hapumui tena, ulitoka inje, watu wote wa kiwanja wanakuangalia, ukasema neno moja: "Tumekubali." Ukaenda kukamua ng'ombe. Mama alibaki ndani ameshika shati ya masomo ya Dieudo, hakukubali kitu, hakukubali mpaka alipokufa mwenyewe. Mimi nilikuwa mudogo, nikafikiri kukubali ndiyo heshima.

Lakini Papa, mimi niko na akili, na nilikuona tena. Nilikuona mwaka ile watu wa silaha walichukua kundi yote, mpaka ndama. Mchungaji wa kanisa alikuja kukufariji, akakaa ku kiti ya baraza, akakuomba ukubali. Unajua ulimujibu nini? "Nikubali nini?" Ulimuuliza vile, kwa sauti kubwa, mbele ya waumini wake! Zizi ilikuwa haina hata mukia moja, na weye ulipanda lori kwenda Uganda kutafuta azoti, juu mu bombone mulikuwa bado mirija ya mbegu uliyonunua zamani, na haukutaka ikauke. Bunia yote ilikucheka. Walikuita muzee anayechunga ng'ombe mu chupa. Ulitembea na ile bombone nyuma ya pikipiki, umeifunga kamba, unaibembeleza ku mashimo. Ukapewa ng'ombe moja mwembamba ya kukopeshwa, ukaipandikiza, na Malaika akazaliwa.

Sasa nieleze. Kwa ng'ombe ulikataa. Kwa Dieudo ulikubali. Mimi nilikaa na hii swali mu koo tangu ile asubuhi ya baraza, nikisema nitakuuliza kesho, nitakuuliza posho, nitakuuliza akili yako ikipoa. Halafu tansio, ile presha ya damu, ikakuangusha ku mulango ya zizi, na hakukuwa tena kesho.

Ngoja nikuambie namna kilio yako iliharibika. Ni mimi njo niliiharibu, na neno moja tu.

Ulikuwa bado hopitali, ku frigo ya maiti, tunangoja shangazi afike. Watu walijaa ku kiwanja, sahani zinazunguka, wanaimba. Mama mukwe alikuwa ametoka Irumu na wamama wa kwao, akaona tumbo yangu imejitokeza, akaweka mukono juu yake, akasema vizuri kabisa kama kitovu ya huyu itaenda kuzikwa kwao Irumu, ku kiwanja ya mababu, kama ya Asifiwe. Na mimi, kwa uchovu, kwa machozi, kwa ujinga, nikasema: "Hapana, Mama. Damu ya kitovu ya huyu tutaiweka ku frigo."

Papa, kuimba kuliisha. Weye mwenyewe unajua mu Bunia mutu akisema fulani iko ku frigo, hakuna anayefikiri soda. Na weye ulikuwa pale wakati uleule! Mama mukwe alitoa mukono yake ku tumbo yangu mbio kama amegusa mafiga. Shangazi moja akapiga yowe. Baba mudogo Rafaeli akasimama, akauliza kama nimeamua kumutanguliza mutoto kwa babu yake. Nilijaribu kueleza. Aka! Kadiri nilieleza, kadiri nilizama. "Si ile frigo, ni frigo ya mbali, ya baridi kuliko hii." Nikasema vile! Baridi kuliko hii! Hata Baba Asifiwe, bwana yangu mwenyewe, aliangalia chini.

Tangu ile siku walinipa jina, Mama Frigo. Kweli, ukipita ku soko utaisikia. Waliombea tumbo yangu kwa nguvu, wengine mbele ya mulango yangu, bila kunialika. Nilitoka nikawaletea viti. Nikawaambia: "Ombeni mukae, lakini sitabadilisha."

Baba mudogo alikuwa na shauri yake, ya kunicheka. "Si amerithi bombone? Aiweke mule, katikati ya mbegu ya ng'ombe. Mutoto atazaliwa na pembe." Watu wakacheka sana. Na unajua, kuna siku nilisimama mbele ya bombone yako, nikaishika ku shingo, nikafikiri, kwa nini hapana? Baridi iko hapa, mu nyumba yangu, naongeza azoti kila wakati inapungua. Lakini ni weye njo ulinifundisha. Ulinionyesha murija moja iliyoanguka ikayeyuka na kugandishwa tena, ukasema: "Angalia, hii imekufa, na ukiitazama inafanana na nzima." Ulinifundisha kama mbegu inachanganywa kwanza na dawa yake, na kiini ya yai, ndipo inashushwa ku baridi polepole kwa namna yake, la sivyo barafu inakua ndani na kuipasua. Damu ya kitovu ni vile vile. Iko na dawa yake na mashine yake, na mu Bunia haiko. Iko nyumba ya kuhifadhi, mbali, na wakala wao iko Kampala. Wanakutumia mufuko na katoni, unazaa, unatuma mbio isipite siku mbili, wao wanagandisha. Ndiyo maana Malaika alienda soko. Sikumuuza kwa kiburi. Nilimuuza juu ulinifundisha vizuri.

Mama mukwe hakusema na mimi mwezi muzima. Halafu akaja, amebeba ndizi na maziwa ya kuganda, akakaa ku jikoni, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Hiyo damu, mutaitoa namna gani?" Nikakosa neno ya daktari. Nikasema tu: "Tutakamua kitovu, Mama."

Ni neno yetu ya zizi, ilitoka yenyewe. Akaishika. Akaendelea kumenya ndizi. Akasema: "Mutakamua kwanza, mbele ya ndama kunyonya?"

Papa, hakuna mutu, hata dokta, aliyeniuliza vile. Na weye unajua jibu. Ng'ombe zetu haziachi maziwa kama ndama hajanyonya kwanza, na hata kama zingeacha, mutu gani wa heshima anamukamua mama mbele ya mutoto yake kupata? Nikapeleka ile swali kwa dokta. Hakucheka, Mungu amubariki. Alinieleza kama ni kweli: mutoto akizaliwa, kitovu inaendelea kupiga kwa muda kidogo, inamusukumia damu yake, na ile damu inamusaidia kweli. Ukikata haraka, mufuko inajaa. Ukingoja, mutoto anapata, na mufuko inapata mabaki. Akaniangalia mu macho. Akasema uamuzi ni yangu, na anaweza kufanya namna yote mbili, lakini nijue kama mufuko ikiwa ndogo sana, kazi yote ni bure.

Basi nilibeba hiyo uzito na tumbo pamoja. Ndama wawili, kiwele moja. Kila usiku niligeuka upande huu nikasema ya Asifiwe, nikageuka upande ule nikasema ya mudogo. Nilikutukana, Papa, sikufichi. Nilisema: angalikuwa hapa angalau tungegombana, ugomvi yake ilinisaidiaka kufikiri.

Mutoto alikuja mchana, mvua inapiga ku mabati ya materniti mpaka hatusikilizani. Mama mukwe alikuwa amekataa kutoka mu chumba. Walimufukuza, akarudi. Alisimama ku miguu ya kitanda na kitenge yake imefungwa ku kifua kama mutu wa kupigana. Mutoto akatoka, mwanaume, akalia, dokta akashika makasi, akaniangalia tu.

Nikasema: "Ngoja."

Wakamuweka mutoto ku tumbo yangu, kitovu ingali imemufunga na mimi, inapiga, niliiona, ya bluu na nene, inapiga. Na kila pigo nilihesabu kwa Asifiwe. Hii yeye angalipata. Na hii. Na hii. Nilikuwa ninamunyanganya binti yangu kwa macho yangu mwenyewe, na ninamupa mwana wangu, na wote wawili ni yangu, na hakuna aliyekuwa na haki ya kunisaidia. Nililia kwa hasira. Si uchungu ya kuzaa, ilikuwa hasira safi.

Na hapo Mama mukwe akainama, akaangalia kitovu vile weye ulikuwa unaangaliaka kiwele, akaiona inaanza kulegea. Akamuambia dokta, kama vile anaamuru mutu wa zizi yake: "Amenyonya. Sasa kamua."

Dokta akakata, akachoma sindano mu mushipa ya kitovu, akashusha mufuko chini ya kitanda, na damu ikateremka. Nyeusi, ya moto. Mama mukwe akasaidia kuikanda kitovu kwa vidole, polepole, toka juu mpaka chini, dokta akimuongoza, na amini usiamini yule mama alikuwa anaimba mu pua ile wimbo ya kukamulia. Mufuko haikujaa. Ilifika zaidi kidogo ya nusu, ikakataa.

Mama mukwe akachukua kondo mu beseni, akaifunika, akaenda nayo Irumu, imezikwa ku mababu vile ilipaswa. Aliniambia mbele ya kuondoka: "Wakiniuliza kama imekamuliwa, nitasema nilikamua mimi." Tangu ile siku hakuna mutu wa Irumu anayeniita Mama Frigo. Wanaogopa mudomo yake.

Kubeba ilikuwa kazi ya Baba Asifiwe. Sasa unamujua bwana yangu, ni mutu wa samaki. Toka ujana anauzisha samaki ya Kasenyi, na kwake kitu chochote kilichotoka mu mwili bila barafu kimeoza. Nilikuwa bado mu kitanda, nimemushika mukono ya shati: "Usiweke barafu. Hii inakwenda na joto yake ya kawaida mu katoni yake. Barafu ya samaki itaiua." Akaniapia. Ku uwanja ya ndege, mukaguzi moja mwema alimuhurumia, akamupa nafasi mu frigo ya kantini, katikati ya soda. Polisi akamuletea mabarafu mu sashe ya plastiki. Kila mutu mu hii muji anajua kusaidia damu! Baba Asifiwe alikumbatia katoni kama mutu wa kuiba, akakataa wote, akapanda ndege akiipakata ku magoti. Kutoka Kampala alinipigia simu: "Mama Asifiwe, nimefikisha. Lakini niliona ile barafu, mikono iliniwasha." Tulicheka mpaka mushono ikanivuta.

Halafu kungoja. Hiyo sitakueleza, unaijua, ulingoja Malaika.

Jibu ilikuja, na dokta alinisomea mara mbili juu mara ya kwanza sikusikia. Mudogo hana SS. Amebeba nusu tu, kama mimi, kama weye na Mama, haitamuumiza. Na damu yake inakubaliana na ya dada yake. Inakubaliana, Papa! Ingaliweza kukataa, mara mingi inakataa, hata kwa watoto wa tumbo moja. Imegandishwa, iko na nambari yake, iko mu azoti kama mirija yako, na inaweza kungoja miaka mingi kuliko mimi. Tulimuita Baraka. Baba mudogo Rafaeli alitaka aitwe jina yako. Nikamuambia jina yako nitaiacha kwanza, bado nimekukasirikia.

Lakini dokta hakuwa amemaliza. Aliweka ile karatasi chini. Akasema mufuko ni ndogo. Inatosha kwa mwili mudogo, kama wa Asifiwe leo. Mwili ikiongezeka, mbegu hazitatosha kuijaza. Na hopitali ya kupanda iko mbali sana, kuna kungoja zamu, na kazi yenyewe iko na hatari, inaweza kumuumiza, inaweza kushindwa. Hakunidanganya kwa kitu. Akasema Baraka akikomaa kidogo wanaweza kuongeza na mbegu ya ndani ya mifupa yake mwenyewe, basi si mulango moja tu. Lakini ule wa karibu ni huu, na unajifunga polepole.

Unaelewa kile nilielewa? Kila mama mu Bunia anaomba mutoto yake anenepe. Mimi mutoto yangu akiongeza kilo, anajitenga na ile mufuko. Nilitembea toka hopitali mpaka nyumbani bila kukamata pikipiki, mvua inaninyeshea, ninamutukana kila aliyenipita mu moyo. Nilifika jikoni. Chungu ilikuwa ku moto. Na ile mawazo mubaya iliingia, sikuiita, ikasimama pale: mupunguzie chakula.

Njo hapo nilikuelewa, Papa. Nimesimama na mwiko mu mukono. Nilifikiri kwa miaka yote kama kwa Dieudo ulikubali. Haukukubali. Mutu aliyekubali haendi kukamua ng'ombe akiwa amemuacha mwana yake ku mukeka. Ulikuwa unatafuta tu kitu ya kushika. Hakuna aliyekupa murija wala bombone wala lori ya kwenda Uganda kwa ajili ya Dieudo. Hakuna aliyekupa hata jina ya ugonjwa. Ulikosa kitu ya kukatalia, na kwa heshima yako ukaiita kukubali, na ukatufunga midomo ili tusiione uchi wake. Na mimi nilipoleta ile maneno ku baraza, haukuwa unanikataza. Ulikuwa unaogopa nishike kitu na kivunjike mukononi, kama weye.

Maskini Papa yangu. Ningalikuambia hii, ungaliinuka kwenda kuangalia ng'ombe, ninajua. Ungalienda kulia kule.

Lakini mimi nimepewa. Ni ndogo, iko mbali, inaweza kushindwa, lakini nimepewa kitu, na nimekishika. Nimeandika zamu yetu. Ninasumbua ile hopitali kila juma, wananijua sauti, yule wa simu akinisikia anaguna. Agune tu. Ninapeleka bombone yako kwa wafugaji mpaka pembeni ya Irumu, ninapandikiza, kazi haikufa, na wanaume walioanza kucheka mwanamuke nyuma ya ng'ombe sasa wananiletea chai. Na wale wanaoniambia nikubali, nawauliza kama ulivyouliza: nikubali nini?

Na chakula? Nitakuambia ya jana mchana. Nilipika bugali na samaki ya baba yake na sombe, majani ya muhogo, nzito ya mawese. Asifiwe alikula. Hakuwa na maumivu, mikono yake ilikuwa myembamba na mizuri, alikula akiimba, akalamba vidole, akaangalia sahani tupu, akaniangalia mimi. Akasema: "Mama, ongeza."

Nikamuongezea, Papa. Nilimuongezea mpaka sahani ikajaa. Mufuko itafute akili yake, hopitali ikimbie, mimi nitakimbia, Baraka atakua aongeze yake. Lakini mutoto yangu hatalala njaa ili aingie mu hesabu ya mutu. Leo asubuhi nimemupima: ameongeza. Nikampigia makofi. Akacheza.

Basi nakuacha. Umusalimie Mama, umuambie nimemuzaa mwanaume na macho ni yake. Na Dieudo umutaje jina kila siku, kwa sauti, mbele ya watu. Ile sheria nimeifuta, hapa kwangu watoto wanamujua.

Asifiwe usimungojee. Usimutandikie, usimuambie Dieudo kama anakuja. Nitapigana na kila kitu, na damu yangu mwenyewe iliyomupa ugonjwa, na hiyo ni ahadi, nimeiandika na jina yangu chini. Atakuja siku moja, kichwa nyeupe, akitembea polepole, na mimi nitakuwa nimemutangulia zamani, vile inapaswa.

Binti yako,
Mama Asifiwe na Baraka